Mtambo Mdogo Hausitiri Kosa

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi limehifadhiwa gari la moshi namba 5918, liitwalo Mount Gelai. Ni moja katika magari 34 ya namna hiyo yaliyotengenezwa mjini Manchester, Uingereza, na kuletwa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1955 na 1956. Uzito wake ni tani zipatazo 250. Mtu akisimama kando yake hujiona mdogo kama sisimizi. Akiulizwa jinsi mvuke wa maji, ule ule utokao katika birika la chai, ulivyoweza kulisukuma dude zito kama lile kutoka pwani kupanda bara, mara nyingi hukosa la kujibu. Ukubwa wa kitu huwashangaza watu, lakini hauwafundishi.

Mwenye kutaka kuufahamu mtambo wa mvuke yampasa autazame ulio mdogo. Katika nchi ya Uingereza wamekuwako kwa miaka mingi watu wanaotengeneza mitambo ya mvuke ya kutosha kuwekwa juu ya meza, kila mtu katika kibanda cha nyuma ya nyumba yake. Hao si wenye viwanda. Wengi wao hufanya kazi nyingine mchana, na jioni huvua koti na kushika tupa. Mitambo yao si vitu vya kuchezea watoto, kwani ina silinda, pistoni na vali kama mitambo mikubwa, nayo hutaka moto na maji ya kweli. Kazi hiyo ina mafunzo kwa kila mtu aliyewahi kushika nyundo, na funzo la kwanza lilipatikana zaidi ya miaka 250 iliyopita, katika chumba cha fundi mmoja kijana.

KIELELEZO KILICHOGOMA

Fundi huyo ni James Watt, aliyezaliwa Greenock katika nchi ya Uskoti mwaka wa 1736. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya kupimia. Alijifunza ufundi wake mjini London kwa mwaka mmoja tu, kisha akarudi kwao, na mwaka wa 1757 Chuo Kikuu cha Glasgow kikampa chumba cha kufanyia kazi.

Wakati huo mitambo ya mvuke ilikuwako tayari. Thomas Newcomen aliusimamisha wake karibu na mji wa Dudley, Uingereza, mwaka wa 1712, ili kuvuta maji katika mgodi wa makaa ya mawe. Mtambo wa Newcomen ulifanya kazi hivi. Mvuke uliingizwa katika silinda mpaka ukaijaza, kisha maji ya baridi yakarushwa ndani. Mvuke ukapoa ghafula na kugeuka maji machache, ndani ya silinda pakawa patupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Akiisukuma pistoni mpaka mwisho, akaziba tundu kwa kidole, kisha akavuta mpini na kuuachia, mpini hurudi ndani wenyewe. Hewa ya nje ndiyo iliyousukuma.

Chuo kilikuwa na kielelezo kidogo cha mtambo huo cha kufundishia wanafunzi. Silinda yake ilikuwa na upana wa inchi 2, na pistoni ilikwenda inchi 6. Kielelezo hicho kilikuwa hakifanyi kazi vizuri, na katika majira ya baridi ya mwaka wa 1763 kuingia 1764, Profesa John Anderson alimpa Watt akitengeneze. Watt akakitengeneza. Moto ukawashwa, mtambo ukaenda mapigo machache, kisha ukasimama. Boila ilionekana kubwa ya kutosha, lakini mvuke ulikwisha.

Hapa ndipo tofauti ya mtu na mtu ilipoonekana. Fundi mwingine angalikirudisha kile chombo na kusema kwamba yeye ametimiza wajibu wake. Watt aliuliza: mvuke unakwenda wapi? Alipima, akaona kwamba kila pigo moja lilikula mvuke wa kuijaza silinda mara kadhaa, hali ungalitosha wa kuijaza mara moja.

Sababu yake mtu aweza kuijua jikoni. Chai iliyomo katika kikombe hupoa upesi kuliko chai iliyomo katika sufuria kubwa, kwa maana kitu kidogo kina ngozi nyingi kwa kulinganisha na tumbo lake. Silinda ya upana wa inchi 2 ina inchi 2 za mraba za ukuta kwa kila inchi moja ya ujazo wa mvuke. Silinda ya upana wa inchi 20 ina sehemu mbili za kumi tu za inchi ya mraba, yaani mara kumi pungufu. Basi kila maji ya baridi yaliporushwa, ukuta wa silinda ulipoa, na mvuke uliofuata ulipotea kwa kuupasha moto ukuta huo kabla ya kufanya kazi yo yote.

Kosa hilo lilikuwamo katika mitambo mikubwa pia. Kwa zaidi ya miaka 50 lilikuwa likila makaa migodini, wala hakuna aliyelitambua, kwa sababu mtambo mkubwa uliweza kwenda pamoja na kosa lake. Mtambo mdogo haukuweza. Ulisimama, na kusimama kwake kulikuwa ndiko kusema kweli.

MIAKA 11 YA KUNGOJA TUNDU

Mwaka wa 1765 Watt alipata jawabu. Siku ya Jumapili alikuwa akitembea katika uwanja wa Glasgow Green, ndipo alipofikiri kwamba mvuke usipozwe ndani ya silinda, bali uvutwe katika chombo kingine chenye baridi, ili silinda idumu kuwa na moto na chombo kile kidumu kuwa na baridi. Alijaribu shauri lake kwa bomba la shaba la sindano ya daktari wa wakati ule, nalo likafaulu. Mwaka wa 1769 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

Msomaji atadhani kwamba hapo taabu ilikwisha. La, ndipo ilipoanza. Watt alikuwa na wazo zuri, lakini hakuwa na silinda iliyo sawa. Mafundi wa siku zile hawakuweza kuchonga tundu pana ndani ya chuma likawa la mviringo kamili toka mwanzo mpaka mwisho. Mvuke ulipenya kando ya pistoni. Alijaribu kuziba nafasi kwa nguo iliyotiwa mafuta, kwa karatasi, hata kwa kofia kuukuu, asifaulu. Ikambidi aache na kufanya kazi ya kupima ardhi na mifereji ili apate chakula. Mshiriki wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika mwaka wa 1773. Katika mwaka huo huo mke wa Watt, Margaret, alifariki wakati mumewe alipokuwa mbali na nyumbani katika kazi hiyo ya kupima.

Msaada ulitoka kwa mtu aliyekuwa akitoboa mizinga. John Wilkinson alikuwa amevumbua mashine ya kuchonga matundu ya mizinga mwaka wa 1774, kisha akaitumia njia hiyo ya kushikilia patasi imara kwa silinda za Watt. Silinda moja ya upana wa inchi 50 ilipopimwa, kosa lake lilikuwa halipiti unene wa shilingi kuukuu. Mitambo ya kwanza ya Watt iliyouzwa ikaanza kazi mwaka wa 1776. Basi uvumbuzi uliokuja kugeuza kazi za ulimwengu ulikaa miaka 11 ukingoja tundu moja lililonyoka.

KAZI YA KIBANDANI

Leo tundu kama hilo, dogo lakini lililo sawa kuliko lile la Wilkinson, huchongwa na watu wa kawaida nyumbani kwao. Mwaka wa 1898 Percival Marshall alianzisha mjini London gazeti la mafundi wa namna hiyo, liitwalo Model Engineer. Baadaye kampuni ya Stuart Turner, ya mji wa Henley-on-Thames, ilijulikana sana kwa kuuza vipande vya mitambo midogo vilivyosubiwa tu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, bila kukatwa wala kulainishwa. Mnunuzi hupokea sanduku la vyuma vyenye magamba pamoja na picha za vipimo. Kazi iliyobaki ni yake.

Mtambo mmoja wa kampuni hiyo unaopendwa na wanafunzi huitwa 10V. Husimama wima. Silinda yake ina upana wa robo tatu za inchi, yaani milimita 19, na pistoni huenda umbali huo huo. Gurudumu lake zito lina upana wa inchi 3. Mtu anaweza kuubeba kwa mkono mmoja.

Chombo kikuu cha kibanda ni kerezo, mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikikata. Makerezo mengi ya zamani yalizungushwa kwa mguu kama cherehani. Baada ya Vita Kuu ya Pili wengi walitumia ya umeme, na lililosifiwa mno ni ML7 la kampuni ya Myford ya Beeston, karibu na Nottingham, lililotolewa mwaka wa 1946. Zaidi ya hilo fundi huhitaji jiriwa, tupa, keekee, bikari, rula ya chuma, na maikromita ya kupimia sehemu moja ya elfu ya inchi. Ili msomaji aelewe udogo wa kipimo hicho, karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu elfu nne za inchi.

Jambo la kwanza si kukata, bali ni kutazama. Fundi huvipima vipande vyote na kulinganisha na picha, ajue ni wapi pana chuma cha ziada na ni wapi pana upungufu. Kisha huchagua uso mmoja na kuufanya bapa kabisa. Vipimo vyote vitakavyofuata vitahesabiwa kutoka katika uso huo. Karani hulifahamu jambo hili vema: tarakimu ya kwanza ya ukurasa ikikosewa, kila jumla iliyo chini yake itakuwa ya uwongo, hata kama imejumlishwa kwa uangalifu wote. Mkulima naye analijua, maana mfuo wa kwanza wa plau ukienda upande, shamba zima huenda upande.

Tena chuma kilichosubiwa kina ganda la nje lililo gumu. Mtu mwoga hukata kidogo kidogo juu ya ganda hilo, na kisu chake huwa butu mara moja. Inafaa kisu kiingie chini ya ganda kwa pigo la kwanza. Kuna mahali pa kwenda polepole, na kuna mahali ambapo woga wenyewe ndio unaoharibu kazi.

SILINDA NDIYO MZIZI

Silinda hushikwa katika kishikio chenye taya nne, na kila taya husogezwa peke yake mpaka kipande kizunguke bila kuyumba. Kisha kisu chembamba huingizwa ndani ya tundu na kupunguza chuma kidogo kidogo. Hatari iko hapa. Kisu chembamba hupindika kidogo kinapokata, nacho hukata zaidi mahali pamoja na kupungukiwa mahali pengine, hata tundu likawa pana mdomoni na jembamba ndani. Kwa sababu hiyo fundi mzoefu hulipitisha kisu mara mbili au tatu za mwisho bila kukiongeza kina hata kidogo, mpaka kisu kiache kutoa unga.

Wanafunzi wengi huogopa kupita kipimo kilichoandikwa. Wangefaa kuogopa jambo jingine. Tundu likizidi upana kwa elfu chache za inchi si msiba, kwa maana pistoni bado haijatengenezwa, nayo itakerezwa kufuata tundu lilivyo. Lakini tundu lisilo la mviringo, au lililopanuka upande mmoja, hakuna pistoni itakayolifaa. Ukubwa unasameheka, upotofu hausameheki. Naye aliyekwisha kukata hawezi kurudisha. Seremala akikosea anaweza kuunga kwa gundi, bali chuma kilichogeuka unga chini ya kerezo kimekwenda zake.

Kabla ya kuiondoa silinda katika taya, fundi husawazisha na mdomo wake mmoja papo hapo, ili mdomo na tundu viwe na pembe ya mraba kamili. Akiiondoa kwanza, kisha akaishika tena, hataweza kamwe kuirudisha mahali pale pale. Hii ndiyo sheria kubwa ya kerezo: mambo mawili yanayopasa kukubaliana yafanywe katika mshiko mmoja. Nguzo inayobeba silinda hufanywa vivyo hivyo. Njia ya kuongoza fimbo ya pistoni na kikalio cha silinda hukatwa pamoja, ili silinda ikikaa juu yake fimbo ishuke wima kama timazi. Na pistoni yenyewe hukerezwa ikiwa imekwisha kufungwa juu ya fimbo yake, ili viwili hivyo viwe na kitovu kimoja.

Baada ya hapo huja mhimili wenye kombo, ambao hugeuza mwendo wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka, kama vile pedali ya baiskeli inavyogeuza mwendo wa mguu. Halafu huja gurudumu zito, linalouvusha mhimili mahali ambapo pistoni imefika mwisho na haina nguvu ya kusukuma.

Mwisho huja vali, kijisanduku kidogo kinachoteleza juu ya matundu matatu. Matundu mawili ya kando hupeleka mvuke juu na chini ya pistoni kwa zamu, na la katikati huutoa mvuke uliokwisha kazi. Vali husukumwa na kisahani kilichotobolewa kando ya kitovu chake. Kisahani hicho sharti kitangulie mbele ya kombo kwa zaidi kidogo ya robo ya mzunguko, ili mlango ufunguke wakati pistoni inapoanza safari yake. Kikichelewa, mvuke huja kama mgeni aliyefika karamuni sahani zimekwisha oshwa.

Vipande vyote vikifungwa, gurudumu huzungushwa kwa mkono. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mtambo hukaza, huenda nusu mzunguko na kukwama. Pengine silinda imekaa upande kwa unene wa karatasi, pengine fimbo inabanwa. Mtambo mkubwa ukiwa na kosa kama hilo nguvu nyingi za mvuke hulishinda, nao huenda, ukijila wenyewe polepole kwa miaka. Mtambo mdogo hauna nguvu za kushinda kosa lake. Hukataa kabisa, na mwenyewe hulazimika kuufungua, kulegeza nati moja baada ya nyingine, na kutafuta ni kipande gani kinachosema uwongo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akikipata na kukirekebisha, siku moja anaweza kupuliza kwa mdomo au kutia hewa ya pampu, na gurudumu likaondoka lenyewe likizunguka. Waliofikia hapo husema kwamba hawakupata usingizi usiku ule.

MOTO SI MCHEZO

Ikiwa mtambo husamehe, boila haisamehi. Kosa katika silinda huleta aibu, kosa katika boila huleta kifo. Kiasi kimoja cha maji kikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi mara zipatazo 1,600 ya ile ya kwanza. Maji yaliyofungiwa katika boila yenye moto ni kama ng'ombe dume aliyefungwa kamba: yuko kimya muda wote kamba inapokuwa nzima.

Kwa hiyo mafundi wa Uingereza wana desturi isiyovunjwa. Boila ndogo hufanywa kwa shaba nyekundu, na viungo vyake huungwa kwa lehemu ya fedha, ambayo haiyeyuki ila kwa moto mkali sana. Lehemu ya risasi na bati haitegemewi, kwa sababu maji yakipungua ndani na moto ukizidi, huyeyuka. Tena huwekwa vali ya usalama inayofunguka yenyewe nguvu ya mvuke ikifika kiasi kilichowekwa, na kioo cha kuonyesha kimo cha maji.

Kabla moto haujawashwa, boila hujaribiwa kwa maji baridi. Hujazwa mpaka hewa yote itoke, kisha maji huongezwa kwa pampu ya mkono mpaka nguvu ifike mara mbili ya ile itakayotumika. Boila itakayofanya kazi kwa ratili 60 kwa kila inchi ya mraba hujaribiwa kwa ratili 120. Maji hayabanwi kama mvuke au hewa, kwa hiyo boila ikipasuka katika jaribio hilo hutoa mchirizi tu, na hakuna mtu aumiaye. Katika vyama vya mafundi hawa, boila hukaguliwa na mtu mwingine asiyeitengeneza. Desturi hii ni ya hekima, maana kila mtu huiona kazi yake kuwa njema.

Hata baada ya hayo yote, mtambo mpya ukifunguliwa mvuke kwa mara ya kwanza hutapika maji. Gurudumu huenda kwa kusitasita, na maji ya moto huruka kila upande. Mgeni hudhani umeharibika. Kumbe silinda ni baridi, na mvuke unapoigusa hugeuka maji. Hufunguliwa bilula ndogo zilizo chini ya silinda ili maji yatoke, maana maji yakinaswa kati ya pistoni na kifuniko huweza kukivunja. Baada ya dakika chache ukuta hupata moto, maji hukoma, na mtambo huanza kwenda kwa sauti nyororo. Lile ndilo jambo alilolitazama Watt katika chumba chake cha Glasgow. Kila atengenezaye mtambo mdogo hulikuta upya, akiwa amesoma habari zake au hakusoma.

CHUMBA CHA JUU

Watt alitajirika mwishoni. Alipostaafu mwaka wa 1800 hakuketi bure. Alijiwekea karakana katika chumba kidogo cha darini, nyumbani kwake Heathfield, karibu na Birmingham, akawa akibuni huko mashine za kunakili sanamu, mpaka alipofariki mwaka wa 1819. Chumba kikafungwa, kikakaa na vumbi lake miaka zaidi ya 100. Mwaka wa 1924 vyote vilivyokuwamo, zaidi ya vitu 8,000, vilihamishiwa Makumbusho ya Sayansi mjini London. Na kile kielelezo kilichogoma kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Hunterian ya Chuo Kikuu cha Glasgow.

Si kila msomaji atakayepata kerezo, wala si lazima. Lakini kila mtu ana chombo kinachomgomea: pampu ya kisima isiyovuta, cherehani inayokata uzi, mashine ya kusaga inayokula mafuta kuliko mwaka jana. Wengi hupiga nyundo, au huongeza nguvu mpaka chombo kiende pamoja na kosa lake. Profesa Anderson alitaka kielelezo kitengenezwe tu, na Watt angaliweza kukirudisha, akapokea ujira wake na kulala. Aliketi mbele yake akauliza mvuke unakwenda wapi. Mwenye pampu naye na aulize maji yanarudi wapi, kabla hajaitupa.